Kwa Nini Mmoja Hukaa na Mwingine Huenda?

(Haya ni mazungumzo tuliyokuwa nayo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili.)

 

Siku za kwanza za vikundi vyetu kazi yote tuliifanya wenyewe. Kulikuwa na zamu ya kuchota mchanga, zamu ya kumwagilia miche, zamu ya kwenda benki. Hakuna aliyelipwa. Lakini kikundi kikikua, kazi nayo hukua. Leo hapa mna vikundi vyenye mashine ya posho, vyenye kioski cha maji, vyenye shule ya chekechea, vyenye tangi la kupoza maziwa. Kazi za namna hiyo hazifanyiki kwa zamu. Zinataka mtu wa kila siku, na mtu wa kila siku hulipwa. Kwa hivyo, mpende msipende, mmekuwa waajiri.

Na tangu mlipokuwa waajiri, malalamiko ni yale yale kila tunakokwenda. "Kijana tulimpeleka akajifunza mashine, tukamlipia sisi, akarudi, akakaa miezi minne, akaenda mjini." "Mwalimu wetu wa chekechea anafika saa tatu, saa tano ameshaondoka." "Yule wa kioski anafanya kazi kama anatusaidia." Halafu mzee mmoja anamaliza kwa kusema: asante ya punda ni mateke.

Sasa, kabla hatujamlaumu punda, hebu tuangalie mzigo tuliomtwika na nyasi tulizompa. Leo tutazungumza juu ya jambo hili: ni nini kinachomfanya mfanyakazi ajitoe kwa moyo, na ni nini kinachomfanya aondoke, au abaki bila moyo, jambo ambalo pengine ni baya zaidi. Tutatazama kampuni za watu binafsi. Hatuzitazami kwa sababu ni watakatifu. Tunazitazama kwa sababu zimepambana na shida hii zamani kuliko sisi, zimepata hasara kubwa kuliko yetu, na kosa la mwenzio ni shule isiyo na karo.

KAMBA TATU

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kwamba mtu hufungwa na mahali pake pa kazi kwa njia tatu. Sisi tutaziita kamba tatu, ili tuzikumbuke.

Kamba ya kwanza ni ya upendo. Huyu anakaa kwa sababu anataka kukaa. Akiitaja kazi anasema "mashine yetu", "shule yetu".

Kamba ya pili ni ya hesabu. Huyu anakaa kwa sababu akiondoka atapata hasara. Labda hakuna kazi nyingine karibu, labda ana deni la kampuni, labda anangoja kiinua mgongo. Anajiambia, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kamba ya tatu ni ya wajibu. Huyu anakaa kwa sababu anaona si vizuri kuondoka. Kampuni ilimsomesha, au ilimsaidia wakati wa msiba. Anaona ana deni la heshima.

Hawa watatu wote wako kazini saa mbili asubuhi. Ukipita mlangoni huwezi kuwatofautisha. Lakini ngoja mashine iharibike saa kumi na moja jioni, na akina mama wamepanga foleni na mahindi yao. Wa hesabu anatazama saa, anafunga mlango, anasema njooni kesho. Wa wajibu anabaki, lakini anabaki ananung'unika moyoni. Wa upendo ameshavua shati, yuko chini ya mashine na spana.

Wataalamu wengi waliofuatilia jambo hili baadaye, katika nchi nyingi, waliona hivyo hivyo: kamba ya upendo ndiyo inayoambatana na kazi nzuri na kutokosa kazini. Kamba ya hesabu humzuia mtu asiende, lakini haiongezi kazi yake. Shikeni maneno haya, tutayarudia.

MTU WA SIKU MOJA

Sasa twende Mombasa. Neno "kibarua" sote tunalitumia, lakini asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi ambacho mtu wa kazi ya kutwa alipewa, ili kiwe ushahidi wa kazi aliyoifanya. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Hebu fikirieni hilo: mtu anaitwa kwa jina la karatasi ya siku moja.

Kwa miaka mingi kampuni za kupakia na kupakua meli Mombasa ziliandika watu wengi kwa siku. Meli ikija wanaitwa, meli ikiondoka wanaambiwa waende zao. Kampuni ziliona hiyo ndiyo akili. Kwa nini umlipe mtu siku ambayo hakuna meli?

Lakini mtu wa siku moja naye ana akili yake. Akishapata ya chakula na ya kodi, kesho hatokei. Ana shamba lake, au ana biashara yake ndogo. Siku ambayo meli nyingi zimefika kwa pamoja, tajiri hajui nani atakuja. Na mtu huyo hana cha kupoteza. Huwezi kumtisha kwamba utamfuta kazi, maana kila jioni amefutwa. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka 1934, wakagoma tena 1939, na mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa kila aina waliungana na mji mzima wa Mombasa ukasimama kwa karibu wiki mbili. Chama kilichotokea wakati ule, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata na kumzuilia mwaka huo huo.

Katika miaka ya 1940 na 1950 kampuni na serikali zilianza kubadilika. Wapagazi wa bandari waliandikishwa, kisha kidogo kidogo kazi ya siku ikageuzwa kuwa kazi ya kudumu. Haikuwa huruma. Waliona kwamba mtu asiye na kesho katika kampuni yako, hawezi kuifikiria kesho ya kampuni yako.

Kuna jambo moja hapo ambalo akina mama mtalielewa kuliko wote. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter iliangalia mishahara ya Waafrika hapa Kenya. Ilisema wazi kwamba mshahara ulipimwa kama wa mtu peke yake, mseja, asiye na mke wala watoto. Nani basi aliwalisha watoto? Mama, kwa jembe lake huku nyumbani. Kwa maneno mengine, shamba la mama lilikuwa linasaidia kampuni kulipa mishahara. Kamati ilipendekeza mshahara umtoshe mfanyakazi pamoja na jamii yake. Bila hivyo, moyo wa mtu ungebaki kijijini na mwili tu ndio ungeenda kazini.

Na msifikiri mambo ya kuogopa kesho yameisha. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu walioona kwamba zinachukua kazi ya mikono yao. Sisi hatusifu kuchoma mali. Lakini mtu akiona kampuni haina nafasi yake kesho, usitegemee ailinde leo.

PESA INAFIKA WAPI?

Wengine wenu mnasema kimoyomoyo, maneno ni mengi lakini shida ni pesa tu. Ni kweli mkono mtupu haulambwi. Hakuna hotuba inayoweza kujaza sufuria. Lakini wacha tuone pesa inafika wapi na inaishia wapi.

Kule Marekani, katika kiwanda cha magari cha Henry Ford cha Highland Park, karibu na Detroit, mwaka 1913 walianza kuunganisha magari kwa njia mpya. Gari lilisogea mbele ya wafanyakazi, na kila mtu alifanya kitu kimoja tu kutwa nzima. Huyu anakaza hii, yule anatia ile. Magari yalitoka mengi, lakini watu walichoka, wakawa wanaondoka. Ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000 mwaka huo, kampuni ililazimika kuandika zaidi ya watu 52,000. Kila siku wanafundisha mgeni, na kila siku mgeni anaondoka.

Mwezi wa Januari 1914 Ford alitangaza kwamba mfanyakazi wake atapata dola 5 kwa siku ya saa 8. Hapo mbele mshahara ulikuwa chini ya dola 2 na nusu kwa saa 9. Watu walifurika mlangoni kwa maelfu. Na dawa ilifanya kazi: kwa kila nafasi 100, walioondoka mwaka 1913 walikuwa kama 370, mwaka 1914 wakashuka hadi 54, mwaka 1915 wakawa 16 tu. Kwa hivyo msikubali mtu awaambie kwamba mshahara si kitu.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Sehemu kubwa ya zile dola 5 ilikuwa na masharti. Kampuni ilituma watu wake majumbani, waangalie kama mfanyakazi ni msafi, kama anaweka akiba, kama halewi. Mwanzoni wanawake hawakupewa mshahara huo. Miaka ilivyozidi kwenda, kazi iliongezwa kasi na wasimamizi wakawa wakali. Watu walikaa kwa sababu ya pesa, lakini uchungu ulikuwa unajaa. Mwaka 1941 waligoma, na kampuni, ambayo ilikuwa imekataa chama cha wafanyakazi kwa miaka, ikakubali kutia sahihi.

Pesa nzuri ilisuka kamba ya hesabu, tena kamba nene. Ile ya upendo inasukwa kwa vitu vingine.

VITU VINAVYOSUKA KAMBA YA UPENDO

Tumezungumza na vijana wengi waliofanya kazi katika viwanda vya Thika na Athi River, na katika mashamba ya maua ya Naivasha. Tukiwauliza kilichowafanya waondoke, wachache huanza na kiasi cha mshahara. Huanza na mambo haya.

Kwanza, ahadi. Mshahara uliosemwa utakuja tarehe 30, uje tarehe 30. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo anaoujua. Hawezi kuvumilia mshahara ambao hajui utakuja lini, maana mwenye duka hajui neno "labda". Ahadi ni deni, na mwajiri asiyelipa deni lake hawezi kudai uaminifu.

Pili, haki iliyo wazi. Mfanyakazi hutazama bakuli lake, halafu hutazama la jirani. Akiona mwenzake wa kazi ile ile analipwa zaidi kwa sababu ni shemeji wa meneja, hata mshahara wake ukiwa mzuri hautamu tena. Lakini akielezwa kwamba yule amesomea mashine, au ameanza kazi zamani, huelewa. Watu hawakatai tofauti. Wanakataa tofauti isiyoelezwa.

Tatu, msimamizi. Kampuni yaweza kuwa na jina kubwa na ofisi ya vioo, lakini kwa mfanyakazi wa chini kampuni ni nyapara wake. Huyo ndiye anayemwona kila siku. Nyapara akimtukana mbele ya watu, kampuni imemtukana. Nyapara akimpa ruhusa ampeleke mtoto hospitali, kampuni imempa ruhusa.

Nne, kusikizwa. Katika viwanda vya Toyota vya Japani kuna ishara ambayo mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaruhusiwa kuitoa ili kazi isimame na kasoro irekebishwe. Fikirieni: mtu wa chini kabisa ana uwezo wa kusimamisha kiwanda! Anajua kwamba macho yake yana thamani. Je, kijana wenu wa mashine akisema "mkanda huu umechakaa", nani anamsikia?

Tano, usalama. Mtu anayejua kwamba akikatwa na mashine ataachwa peke yake, hufanya kazi na nusu ya akili, nusu nyingine iko kwa watoto wake.

Sita, kukua. Mtu anataka kuona mwakani atakuwa ameongeza kitu, ujuzi au cheo au shilingi chache. Wengi huogopa kumfundisha mfanyakazi wakisema akijua zaidi ataondoka. Ni kweli wengine huondoka. Lakini asiyefundishwa akibaki, mnabaki naye na ujinga wake, na mashine ndiyo inayolipa.

SASA TURUDI KWETU

Hapa ndipo tunataka mtusikilize vizuri, hata kama maneno yatachoma kidogo.

Kikundi kina bahati ambayo kampuni haina. Kampuni lazima itumie pesa nyingi kusuka kamba ya wajibu, kwa bima, mikopo, na sherehe za mwisho wa mwaka. Sisi tunaipata bure. Kijana wa mashine ni mtoto wa hapa. Mwenyekiti ni shangazi yake. Mweka hazina alimfundisha darasa la tatu. Siku ya kwanza anakuja kazini akiwa tayari amefungwa na kamba nene ya wajibu.

Na sisi tunafanya nini na kamba hiyo? Tunaivuta mpaka ikatike.

Mwisho wa mwezi ukifika na pesa ni kidogo, tunalipa stima, tunalipa fundi, tunatoa nauli za kamati. Halafu tunasema, "Huyu ni kijana wetu, atangoja." Mwezi wa pili, atangoja. Mwezi wa tatu, tunashangaa amekwenda! Fundi wa kutoka mjini hatuwezi kumwambia angoje, kwa sababu si wetu. Yaani mtu tunayemwita wetu ndiye tunayemlipa wa mwisho.

Jambo lingine ni mabosi. Mfanyakazi wa kampuni ana nyapara mmoja. Mfanyakazi wa kikundi ana mabosi thelathini. Huyu mama anamwambia afungue mapema. Yule mzee anamwambia afunge mapema kuokoa stima. Mwanachama mwingine anakuja na gorogoro mbili za mahindi, anasema, "Nisagie, nitalipa Jumamosi, unajua hii mashine ni yetu." Kijana akikataa, ni mjeuri. Akikubali, jioni hesabu inapungua na anaitwa mwizi. Hapo ana njia gani? Tumeona vijana wazuri wakiondoka si kwa sababu ya mshahara. Wameondoka ili jina lao lisiharibiwe kijijini kwao. Kijana akifukuzwa Nairobi, anarudi nyumbani. Akiitwa mwizi nyumbani, atarudi wapi?

Wacha tufanye hesabu kidogo. Namba hizi ni za mfano, kila kikundi kiweke zake. Tuseme kijana analipwa shilingi 12,000 kwa mwezi, na kamati imekaa miezi miwili bila kumlipa. Inaonekana kikundi kimebakiwa na 24,000. Lakini kwanza hizo bado mnadaiwa. Pili, kijana akiondoka, mashine inalala siku 12 kabla mtu mwingine hajapatikana. Kama ilikuwa inaleta 800 kwa siku, mmepoteza 9,600. Mgeni anakuja, hajui mlio wa mota, anaichoma, fundi anataka 30,000. Jumla 39,600, na wateja wenu wamezoea kwenda kusaga ng'ambo ya mto. Kuchelewesha mshahara hakujaokoa senti hata moja.

SHERIA INASEMA NINI

Wengine husema, "Sisi ni kikundi tu, mambo ya sheria ni ya kampuni." Sivyo. Ukimwandika mtu na kumlipa, wewe ni mwajiri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira ya kufaa ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inaeleza mambo mengi. Haya ni baadhi yake:

- Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba ulioandikwa.
- Kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka siku zifikie mwezi mzima, sheria inaweza kumhesabu kama mtu wa mwezi, hata kama ninyi bado mnamwita kibarua.
- Anapumzika angalau siku moja katika kila siku saba. Akimaliza mwaka ana likizo ya siku 21 za kazi, na analipwa.
- Mama akijifungua ana likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili.
- Mtu wa mwezi anapewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Akishukiwa kosa, anaelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazi akiwapo, na anapewa nafasi ya kujitetea.
- Akiondoka baada ya wiki nne au zaidi, ana haki ya barua inayoonyesha kwamba alifanya kazi kwenu.

Tena kuna sheria nyingine ya mwaka 2007 inayomtaka mwajiri awe na bima ya mfanyakazi anayeumia kazini, na kuna michango ya NSSF, ya matibabu na ya nyumba. Msiogope. Nendeni ofisi ya leba iliyo karibu nanyi, waulizeni kwa kikundi cha ukubwa wenu mnatakiwa kufanya nini.

Angalieni sheria hizi kwa makini. Mkataba, mapumziko, notisi, kusikizwa kabla ya kufukuzwa: ni vitu vile vile tulivyosema vinasuka kamba. Sheria inaweka kiwango cha chini tu. Mwajiri anayesimama pale pale atapata mikono. Anayetaka moyo ataongeza kitu.

NA MFANYAKAZI NAYE?

Tusiseme upande mmoja. Watoto wetu wengi wako katika kampuni, na vikundi vyenu vina wafanyakazi waliokaa hapa leo wakisikia. Kujitoa si kukubali kudhulumiwa. Wale watu wa Mombasa mwaka 1947 hawakuwa wavivu; walitaka kazi iwe kazi na mshahara uwe mshahara. Lakini pia kudai haki si kuchezea kazi. Ukikubali mshahara fulani, ufanyie kazi. Ukiona hautoshi, sema, kwa mdomo wako na mbele ya wanaohusika. Ukiamua kwenda, toa notisi, toa hesabu, kabidhi funguo na vitabu. Anayeondoka vizuri huacha mlango wazi nyuma yake. Na ukiwa umesomeshwa na kikundi, jua kwamba ni akina mama waliouza kuku wakachanga. Angalau mfundishe mwingine kabla hujaondoka.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA MKUTANO UJAO

Hatupendi mwende nyumbani na maneno matupu. Kila kikundi chenye mfanyakazi kifanye mambo haya matano, na yote hayahitaji mfadhili:

1. Mshahara uwe wa kwanza kutolewa kila mwezi, kabla ya nauli na chai za kamati. Andikeni azimio hilo katika kitabu cha kumbukumbu. Mlipeni kwa tarehe moja, kwa sahihi au kwa M-Pesa, ili kuwe na ushahidi.
2. Chagueni mtu mmoja wa kumsimamia. Wengine wote, hata mwenyekiti wa zamani, wapitie kwa huyo.
3. Andikeni karatasi moja ya makubaliano: kazi yake, saa zake, mshahara, siku ya mapumziko, na nini kitatokea akikosea. Nakala moja abaki nayo.
4. Mbandike mlangoni sheria ya deni. Kama hakuna kusaga kwa deni, iwe ni kwa wote. Kijana asiachwe peke yake kubishana na wazee.
5. Kila miezi mitatu mwiteni katika kamati, asikizwe. Mwulizeni: mashine inasemaje? Wateja wanasemaje? Wewe wasemaje?

Kikundi kikimaliza deni la mshahara analodai mfanyakazi, ndipo kianze kuzungumza juu ya uaminifu wake. Kwanza tulipe, halafu tuseme.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mfanyakazi wetu amefungwa na kamba gani kati ya zile tatu? Tunajuaje?
2. Mara ya mwisho tulimlipa tarehe gani? Tuliahidi tarehe gani?
3. Akitaka kulalamika juu ya mwanachama, anakwenda kwa nani?
4. Mtu aliyetuacha mwaka uliopita, kuna aliyemwuliza kwa nini? Twaweza kumtuma nani akamwulize?

 Sasa ni zamu yenu kusema. Mama mwenyekiti, karibu uanze.